Amplifaya ya valvu yenye chaneli tatu: itamfaa mpiga solo wa Mbeya?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Uyole, na Jumamosi tunapiga kwenye sherehe, mara Tukuyu, mara Makambako, wakati mwingine Iringa mjini. Kuna mtu anauza amplifaya ya valvu iliyotoka Marekani: wati 50, spika moja ya inchi 12 ndani ya kasha hilohilo, chaneli tatu, mwangwi wa springi, lupu ya efekti na swichi ya kupunguza nguvu nusu. Ndani ina valvu kubwa mbili za 6L6GC na ndogo tano za 12AX7. Nyuma imeandikwa volti 120. Anasema inapiga kila aina ya muziki. Ni kweli? Na nitaishi nayo vipi kwa umeme wetu huu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Inaweza kukufaa sana, ila si kwa sababu aliyokutajia muuzaji. Chaneli tatu ndizo zinazomvutia mnunuzi, lakini kwa mpiga sebene na kwaya thamani ya chombo hicho iko kwenye chaneli ya kwanza, ile safi, pamoja na wati 50 zinazoibeba bila sauti kukwaruza. Zile nyingine mbili utazigusa kwa nadra. Kwa hiyo usijiulize inapiga aina ngapi za muziki. Jiulize kama ile sauti safi utaipata kila wikiendi, kwa umeme utakaoukuta huko uendako. Naanza na umeme, maana amplifaya nyingi za Marekani zikifika kwetu hufa siku ya kwanza tu zinapochomekwa ukutani.

Kibandiko kikisema volti 120, hezi 60, kiamini. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja, kila volti iliyomo ndani inakaribia kuwa maradufu: nyuzi za kupasha valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), zinazohitaji volti 6.3, zinapata 12, na ule umeme mkubwa wa ndani, ambao kwa kawaida ni volti 400 na kitu, unaelekea 800. Fyuzi ikiwahi kukatika, umepona. Isipowahi, kapasita zinapasuka na transfoma inaungua, na transfoma ya amplifaya ya gitaa si kitu cha kukikuta kwenye duka la vifaa vya redio Mwanjelwa.

Kabla ya kufikiria kununua kishusha umeme, tafuta mchoro wa amplifaya hiyo au mwombe fundi achungulie ndani, plagi ikiwa imetolewa. Viwanda vingine hutumia transfoma moja kwa soko la dunia nzima: upande wa kuingilia una nyaya za rangi mbalimbali, za volti 100, 120, 220 na 240, na zile zisizotumika zimefunikwa ncha. Ukikuta hivyo, umepata bahati kubwa. Fundi anahamisha waya kwa kufuata mchoro, anaandika upya kibandiko, na anabadilisha fyuzi. Hilo la fyuzi husahaulika. Kwa volti 230 mkondo unaovutwa ni karibu nusu ya ule wa volti 120, kwa hiyo fyuzi ya T3A inatakiwa iwe T1.5A au T1.6A. Herufi T maana yake ni fyuzi inayochelewa kukatika. Inahitajika kwa sababu amplifaya ya valvu hunyonya mkondo mwingi pale inapowashwa. Ukiweka yenye herufi F itakatika kila ukiwasha, na hapo ndipo watu huanza kuzungushia waya au karatasi ya sigara. Ukiikuta karatasi ya sigara kwenye amplifaya unayouziwa, jua kwamba kilichoikata fyuzi ya kwanza bado kimo ndani.

Kama transfoma ni ya volti 120 pekee, utahitaji kishusha umeme. Amplifaya ya wati 50 ya valvu huvuta wati 150 hadi 200 kutoka ukutani. Chukua kishusha cha VA 500 (VA ni kipimo cha uwezo, karibu sawa na wati), maana namba zinazoandikwa kwenye visanduku vya bei rahisi huwa zimetiwa chumvi. Kinachotoa volti 110 ni bora kuliko kinachotoa 120, na sababu yake ni hii: transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 ikipewa hezi 50 kwa volti zilezile, usumaku kwenye chuma chake unaongezeka kwa asilimia 20, nayo inapata joto na kunguruma. Ukiipa volti 110 unaipunguzia mzigo huo. Nyuzi za valvu zitapata volti 5.8 badala ya 6.3, na hiyo bado iko ndani ya asilimia 10 zinazoruhusiwa.

Tazama tundu la kutolea umeme kwenye hicho kishusha. Vingi vina matundu mawili bapa tu, bila ethi. Hapo pana hatari ya kifo. Gitaa lako limeungwa na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia waya wa jeki, na nyuzi za gitaa ziko mikononi mwako. Hitilafu ikipeleka umeme kwenye bodi pasipo ethi, njia yake ya kwenda ardhini ni wewe, hasa unapogusa maikrofoni kwa mdomo. Chukua multimita, weka kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi inayoingia ukutani, nyingine kwenye skrubu ya bodi ya amplifaya. Isome chini ya omu 1. Kishusha kikiwa kinakata ethi, kirudishe dukani. Na mtu akikwambia ukate ethi ili kunyamazisha mngurumo, usimsikilize. Mngurumo una dawa nyingine, nitazitaja.

Umeme wenyewe nao hucheza. Jioni, mashine za kusaga zikiwa zinafanya kazi na majiko yamewashwa, laini ya pembeni inaweza kushuka hadi volti 200. Kishusha chako hakitoi tena 110, kinatoa 96, na nyuzi za valvu zinabaki na volti 5. Utasikia sauti imelegea, chaneli zinagoma kubadilika kwa sababu rilei, zile swichi za umeme za ndani, hazina nguvu ya kushika, na valvu zikiendeshwa zikiwa baridi hivyo kwa miezi zinachakaa mapema. Stabilaiza ya VA 1000 inatosha amplifaya na pedali zako. Ya mota ni laini kuliko ya rilei, ambayo hupandisha volti kwa hatua, na kila hatua unaweza kuisikia ikigonga kwenye spika. Mpangilio ni huu: ukuta, stabilaiza, kishusha, amplifaya. Stabilaiza haizuii radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, ngurumo zikianza, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Kwenye jenereta ya sherehe, iwashwe kwanza, iwekewe taa na miksa, kisha upime. Ikisoma kati ya 220 na 240 bila kuyumba, chomeka. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, mkono wako uende kwenye swichi ya amplifaya kabla ya kitu kingine, kwa sababu unaporudi huja kwa kishindo. Subiri dakika mbili tatu utulie. Kuwasha ni swichi ya umeme kwanza, standibai (swichi ya pili inayozuia umeme mkubwa wa ndani) ikiwa imefungwa, hesabu sekunde 30 hadi 60 valvu zipate moto, ndipo ufungue standibai.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo ndiyo sababu ya kujisumbua hivi.

Kwenye chaneli safi anza hapa: gaini 3, trebo 6, midi 5, besi 3, presensi (ukali wa juu kabisa) 4, mwangwi 2. Masta ndiyo uipandishe mpaka ukumbi utosheke. Watu wengi hufanya kinyume, gaini 7 na masta 2, kisha wanalalamika kwamba amplifaya inakwaruza. Gaini huamua valvu za mwanzo zisukumwe kiasi gani. Masta huamua kiasi gani kiende kwenye zile 6L6GC. Ukitaka sauti safi, zile ndogo zisisukumwe, kubwa zifanye kazi. Gitaa lenye pikapu za koili mbili lina nguvu zaidi, kwa hiyo shusha gaini hadi 2 au punguza volyumu ya gitaa hadi 8. La koili moja linaweza kubeba gaini 4.

Besi 3 inaonekana ndogo ukiwa peke yako, na ukijipigia sebuleni utaiona sauti ni nyembamba. Ila ukiwa na gitaa la besi, drams na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, huko chini hakuna nafasi yako, na kila unachotuma huko kinakula wati ambazo zingebeba solo. Tatizo jingine la kwaya zetu ni kwamba kinanda hujaza katikati yote. Solo likizama, mpigaji hukimbilia trebo, na masikio ya waumini wa benchi la mbele yanaumia huku wa nyuma bado hawamsikii. Pandisha midi hadi 6 au 7, trebo irudi 5. Kwenye sebene, unapokuwa juu ya freti ya 12 na pikapu ya karibu na daraja, hiyo midi ndiyo inayoipa kila noti mwili.

Hapa ndipo valvu inapoishinda transista, kwa maoni yangu. Ukipiga kwa nguvu noti haikatiki ghafla. Inabanwa kidogo, inakuwa na utamu, na ukilegeza vidole inarudi kuwa safi. Mpiga solo anayecheza na nguvu ya vidole anapata nyimbo nzima bila kugusa pedali. Hakuna kitufe kinachoiga hilo sawasawa.

Chaneli ya pili, ya kukwaruza kidogo, inafaa mapambio ya kisasa na nyimbo zenye mwelekeo wa roki. Ya tatu ni ya kukwaruza sana, na ndiyo inayoleta makelele na kupiga miluzi ukisimama karibu. Kasoro kubwa ya amplifaya za namna hii ni kwamba mara nyingi chaneli mbili, au zote tatu, hutumia vitufe vilevile vya trebo, midi na besi. Ukipanga vizuri kwa safi, ya tatu inakuwa kali. Ukipanga kwa ya tatu, safi inakuwa butu. Angalia hilo kabla ya kulipa. Kama vitufe ni vya pamoja, panga kwa safi na uache, kisha ukali wa chaneli nyingine uupunguze kwa kitufe cha toni kwenye gitaa.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya kiwandani hayalielezi vizuri: vitufe vya toni viko wapi kwenye njia ya sauti. Kwenye ukoo wa Marshall viko baada ya sehemu inayokwaruza, kwa hiyo ukiongeza besi unaongeza besi tu. Kwenye ukoo wa Mesa/Boogie Mark viko kabla, na ukiweka besi 6 hapo kisha ukapandisha gaini, unapata uji. Kwa hizo, chaneli ya kukwaruza huwekwa besi 1 au 2, trebo 7, halafu unene unaurudisha mwishoni kwa ekwalaiza ya vitelezi, kama ipo. Jaribu kwa masikio: kwenye chaneli ya tatu pandisha besi kutoka 2 hadi 7. Kama sauti inazidi kuwa nzito lakini noti bado zinasikika moja moja, toni iko baada. Kama noti zinavurugana, iko kabla.

Lupu ya efekti, yaani matundu mawili ya kutoa sauti kwenda kwenye pedali na kuirudisha, ni kwa dilei, korasi na mwangwi wa nje. Wawa, kompresa na pedali za kukwaruza zinakaa mbele, kati ya gitaa na amplifaya. Dilei ikiwa mbele ya chaneli inayokwaruza, kila marudio nayo yanakwaruzwa na unapata vurugu. Ikiwa kwenye lupu, inarudia sauti iliyokwisha kutengenezwa. Baadhi ya lupu hutoa nguvu kubwa kuliko pedali ndogo zinavyoweza kubeba. Dilei ikianza kukwaruza ilhali chaneli ni safi, tafuta kitufe cha kiwango cha lupu ukishushe, au swichi iliyoandikwa +4 na -10 uweke -10.

Na lupu hiyohiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa mmoja unaowapotezea watu fedha kwa mafundi. Amplifaya inafifia ghafla, au sauti inakuja na kupotea, na mwenye nayo anaambiwa valvu zimekufa. Kwanza chukua waya mfupi wa pedali, chomeka ncha moja kwenye tundu la kutoka la lupu na nyingine kwenye la kurudi. Sauti ikirudi kuwa nzima, valvu hazina kosa. Ndani ya jeki ya kurudi kuna ulimi mdogo wa shaba unaogusana na mwenzake kama hakuna kitu kilichochomekwa. Unyevu na vumbi vikiufunika, sauti haipiti. Dawa ni spreyi ya kusafishia mikutano ya umeme, na kuchomeka na kuchomoa plagi mara kumi hivi. Mafuta ya kulegezea skrubu usitumie, yanabaki humo na kukusanya vumbi. Tukuyu na Kyela ndiko ugonjwa huu unakopenda, kwa ile mvua na ule unyevu.

Swichi ya nusu nguvu inadanganya wengi. Kutoka wati 50 kwenda 25 ni punguzo la desibeli 3, sikio linaliona ni kidogo tu. Kinachopungua hasa ni nafasi ya sauti safi: sasa inaanza kukwaruza mapema. Kwa hiyo kanisani, mchungaji akiomba upunguze, usibonyeze hiyo swichi, shusha masta. Nusu nguvu ni ya pale unapotaka kukwaruza kwa utamu bila kubomoa ukuta. Hata hivyo, usitegemee amplifaya hii ikupe raha chumbani usiku. Masta ikiwa chini ya 1 inakuwa nyembamba na kavu, na volyumu inaruka kutoka kimya hadi kelele kwa kugusa kidogo tu.

Spika ya inchi 12 hurusha trebo kwa mstari mwembamba mbele yake. Ikikaa sakafuni nyuma ya magoti yako, wewe husikii ukali, na aliye mbele yake mita tano anaumia. Iinamishe ikutazame masikioni, au iweke juu ya kiti kigumu. Ukumbi ukiwa mkubwa usishindane nao: mwombe fundi mitambo aweke maikrofoni sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya kitovu cha koni. Kama anapendelea waya, tumia tundu la laini lililo nyuma, kama lipo. Tundu la spika lisiende kwenye miksa hata siku moja. Litaiunguza miksa, na amplifaya yako itabaki haina mzigo.

Hilo la mzigo lishike. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mahali pa kupeleka nguvu, volti zinarudi nyuma na kutoboa insulesheni yake au soketi za valvu. Omu nazo zilingane: spika ya ndani ikiwa ya omu 8 na ukaongeza kabati la nje la omu 8, kwa pamoja ni omu 4, na swichi au tundu liwe la omu 4. Waya wa spika ni waya mnene wa nyuzi mbili. Ule wa gitaa una uzi mwembamba katikati, utapata moto.

Kuhusu safari. Amplifaya ya wati 50 ya aina hii ina uzito wa kilo 20 hadi 30, na uzito mwingi uko upande mmoja, penye transfoma. Bodaboda hapana. Kwenye gari la abiria isilale juu ya buti pamoja na masufuria ya sherehe. Isimame wima, chini yake godoro la sponji la sentimita 5 au zaidi, kwa sababu matuta ya barabarani hulegeza valvu kwenye soketi na kukatisha vijinyaya vya tangi la mwangwi. Ukimaliza kupiga, iache ipoe dakika 15 kabla ya kuipakia. Nyuzi za ndani ya valvu zikiwa na moto hazivumilii mtikisiko. Ukifika, chungulia nyuma, shika kila valvu ikiwa baridi na uikandamize polepole ikae.

Baridi ina mambo yake. Juni na Julai, amplifaya ikitoka kwenye gari Makambako au Njombe usiku ikaingizwa kwenye ukumbi uliojaa watu, inatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo linakaa juu ya soketi zenye volti 450. Iache wazi nusu saa kabla ya kuwasha, kifuniko kimeondolewa. Na kwa kuwa Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na inapoza kidogo kuliko pwani hata kama wewe unasikia baridi. Mgongo wa amplifaya uwe sentimita 20 kutoka ukutani, pasiwe na pazia la jukwaa.

Valvu. Zile ndogo za 12AX7 hukaa miaka mingi. Zile 6L6GC mbili, kwa mtu anayepiga kila wikiendi, zitahitaji kubadilishwa baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Dalili zake ni sauti kukosa nguvu, trebo kufifia, fyuzi kukatika bila sababu. Ukiona bati la kijivu ndani ya kioo limekuwa jekundu, zima mara moja, hata kama ni katikati ya pambio. Lile jekundu si uzi unaowaka katikati, huo ni kawaida. Ni lile bati la nje. Maana yake mkondo umezidi, na ukiendelea unapoteza transfoma.

Kwa ndogo, gonga kila moja taratibu kwa penseli ya mbao huku amplifaya imewashwa na chaneli iko wazi. Inayolia kengele kubwa au kukohoa ndiyo mbovu. Hizi hazihitaji kupimwa chochote. Chomoa ikiwa imezimwa na baridi, chomeka nyingine. Ukipata shida ugenini na huna akiba, tazama kama ile ya mwangwi nayo ni 12AX7, uihamishie nafasi ya kwanza karibu na jeki ya gitaa. Utapoteza mwangwi, ibada itaendelea.

Kubwa hununuliwa kwa jozi iliyolinganishwa, na baada ya kuzibadilisha fundi apime mkondo wake wa kutulia, yaani ule unaopita kwenye valvu wakati hupigi. Hesabu ni hii: 6L6GC inabeba wati 30; asilimia 70 yake ni 21; gawanya kwa volti za bati. Kwa volti 450 unapata miliampea 47, na huo ndio mpaka wa juu. Mimi ningeziacha kwenye 35 hadi 40, zinadumu na sauti safi haipungui. Fundi asiyewahi kugusa valvu asijifunzie hapa. Kapasita hubaki na volti mia nne na zaidi hata plagi ikiwa imetolewa. Zinatolewa umeme kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, kwenda kwenye bodi, kisha zinapimwa mpaka zisome chini ya volti 10. Bisibisi isitumike. Na asikuwekee EL34 kwa kuwa zimepatikana na zinaingia kwenye soketi ileile: kila moja huvuta ampea 1.5 za kupasha, wakati 6L6GC huvuta 0.9, na transfoma yako huenda haikuundwa kwa mzigo huo.

Valvu mpya za gitaa leo hutengenezwa hasa Slovakia, Urusi na China, na hapa nyanda za juu huzikuti dukani. Agiza kabla hujahitaji: jozi moja ya 6L6GC, 12AX7 mbili, fyuzi tano za umeme wa ukutani na tano za umeme mkubwa wa ndani kama ipo, kila moja ya thamani iliyoandikwa kwenye bodi. Gharama ya hivyo vyote, pamoja na stabilaiza na kishusha, iweke mezani unapojadiliana bei. Ni sehemu ya bei ya amplifaya hiyo hata kama muuzaji hakuitaja.

Siku ya kuijaribu nenda na gitaa lako, waya wako na multimita. Omba nusu saa nzima, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza chombo kikishapata moto. Shusha vitufe vyote hadi sifuri usikilize mngurumo. Kisha piga uzi wa sita kwenye freti ya tatu: hiyo ni G, hezi 98. Mngurumo ukiwa karibu sawa na noti hiyo, ni hezi 100, na unaelekeza kwenye kapasita za kuchuja ambazo zimezeeka. Bei ishuke, zitabadilishwa. Ukiwa chini yake kwa oktavu nzima, ni hezi 50, mara nyingi ni valvu ndogo, waya au ethi. Ukipanda pale tu unapoongeza gaini, umeingia kutoka mbele, labda kwenye gitaa lenyewe. Geuza kila kitufe, badilisha chaneli mara ishirini kwa pedali yake ya miguu, tikisa kasha kidogo usikie springi za mwangwi. Pedali hiyo uone ipo na waya wake mzima, kwani nyingi zina plagi ya pini nyingi isiyopatikana madukani, na bila hiyo unalipia chaneli tatu unatumia moja.

Kama ungekuwa unapiga kanisani tu, tena kwa kupitia miksa, ningekushauri uchukue amplifaya ya transista ya wati 65 au 100 na fedha inayobaki ununulie gitaa bora. Kwako wewe, mwenye sherehe kila Jumamosi na mtindo unaotegemea vidole, naona inafaa, mradi ethi ifike kwenye bodi na muuzaji akubali ile nusu saa. Akikataa kuiwasha kwa muda huo, usiinunue.